Kituo cha msaada wa kisheria Wete: unatoka hapo unaijua karatasi yako inasema nini

Naanza na nyota kabisa kwa asokuwa na muda wa kusoma yote: nne kwa tano. Ile moja ntaeleza mbele kwa nini sikuitoa. Huduma ni bure, hakuna cha hela ya fomu wala cha soda, na naandika haya kwa sababu kila nikikaa sokoni namsikia mtu anauliza hii barua ya mahakama nimpelekee nani, na watu wanampeleka kwa jamaa wa jamaa, wakati pahala pa kwenda papo.

Kwa wasokijua, hichi ni kituo kidogo Wete mjini, kisiwani Pemba, chumba kimoja na baraza yake, wanaokaa pale ni wasaidizi wa sheria. Si mawakili, na wao wenyewe wanakwambia kabla hujakaa vizuri: sisi si mawakili, hatusimami mahakamani badala yako, ikifika pahala pa wakili tutakwambia na tutakuelekeza. Wengi ni watu wa hapa hapa, walimu wa skuli, kina mama, vijana waliopata mafunzo, na siku nyengine wakili naye anakuja. Jambo hili lina sheria yake, Zanzibar tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2018, kwa hivyo usidhani ni watu wamekaa tu kupiga soga.

Sasa kazi yao kubwa, kwa nilivyoona mimi, sio kesi. Ni maneno. Wanakufanya uelewe maneno yalioandikwa kwenye karatasi ulioshika kabla hujafanya kitu chochote chengine, na hilo ndo lilonifanya nipende pahala hapa kuliko nilivyotarajia. Mana Pemba hii wengi wetu haki zetu hazipotei mbele ya hakimu, zinapotea mapema sana, siku mtu alotia saini kitu asichokijua, au siku alopokea karatasi akaitia ndani ya mkoba wa nguo akasubiri mwanawe aje kutoka Unguja aisome.

Mimi kilichonipeleka ni mkopo. Tuna kikundi chetu cha kina mama, mwenzetu mmoja alichukua mkopo kwenye taasisi moja (jina naliacha) na sisi wengine tukamdhamini, biashara yake ikaanguka, akawa halipi, basi tukaletewa notisi sisi wadhamini. Notisi yenyewe ukurasa mmoja lakini imejaa vitisho, na aloileta akasema kwa mdomo wake kuwa tusipolipa tutalala ndani. Jamani ilikuwa hamkani. Kuna alotaka kuuza mbuzi usiku ule ule, kuna alosema tumtafute mtu Chake Chake anajuana na mapolisi, na kuna alosema ile saini si yake ilhali sote tulikaa pamoja tukisaini. Mie nkachukua ile notisi na mkataba nkaenda nao kituoni.

Wanavyofanya ni hivi. Hawaichukui karatasi yako wakaisoma kimya kimya halafu wakakupa hukumu kama daktari. Wanakwambia isome wewe mwenyewe kwa sauti, na kama hujui kusoma wanakusomea pole pole, na kila penye neno zito wanasimama wanakuuliza "hapo bibi unafahamu nini?" Ukijibu ndo wanakusahihisha au wanakuunga mkono. Mwanzo niliona kama wananipotezea wakati, nna biashara nimeiacha. Lakini bi mkubwa alonihudumia, mtu mzima wa makamo na buibui lake, hana haraka hata kidogo, akanambia "bi dada, hii karatasi ina jina lako wewe, mie kesho sipo, wewe ndo utaulizwa." Na ni kweli.

Kitu cha mwanzo alichonitenganishia ni jinai na madai. Nilikuwa nayasikia maneno haya redioni kila siku, lakini sijapata kuyaona yanavyomgusa mtu wa kawaida. Jinai ni kosa ambalo serikali ndo inakushitaki, wizi, kupiga, kubaka, kuua, na mwisho wake unaweza kuwa jela au faini. Madai ni mimi na wewe, umenivunjia mkataba, hukunilipa, umeingia kwenye kiwanja changu, na mwisho wake ni kulipa, kurudisha au kuacha. Deni la mkopo peke yake ni madai. Polisi si wakusanyaji wa madeni. Mtu akikutisha kuwa utalala ndani kwa sababu ya deni la mkataba muulize kosa gani la jinai, la udanganyifu? la wizi? kama halipo basi njia yake ni kwenda kufungua madai mahakamani, na wewe utaitwa, utajibu. Nilivyorudi kwa wenzangu nikawaambia hili tu, yule wa mbuzi akalala.

Ila asikudanganye mtu kuwa madai ni mepesi. Na hapa ndo napenda ukweli wao, hawakupi maneno ya kukufurahisha. Wakikushinda kwenye madai na ukakataa kulipa, alokushinda anarudi mahakamani kuomba kukaza hukumu, mana yake mahakama inasimamia ile hukumu itekelezwe, na mali yako inaweza ikakamatwa ikauzwa. Nililisikia neno hili kukaza hukumu nikadhani hakimu anaongeza ukali wa adhabu. Kumbe siyo, ni utekelezaji tu.

Halafu tukafika kwenye mstari ambao mie nasema kila mwanamke wa kikundi Pemba na Unguja aujue kwa moyo. Mkataba wetu uliandikwa kuwa wadhamini watawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Tuliposaini sote tulifahamu kuwa tuko pamoja, basi, deni likitokea tutagawana. Bi mkubwa akachukua peni akaandika mfano: deni ni laki tisa, wadhamini watatu. Akaniuliza wewe utadaiwa ngapi? Nkasema laki tatu. Akasema unaweza ukadaiwa zote tisa peke yako, akachaguliwa mwenye duka, mwenye mshahara, yule anaeonekana ana kitu, akaandamwa yeye, na wale wengine wakaachwa. Ndo mana ya "kila mmoja peke yake". Nilikaa kimya pale. Lakini akaniendeleza, akasema mdhamini akilipa haki yake haijafa, ana haki ya kumdai alokopa kila alicholipa, na ana haki ya kuwadai wadhamini wenzake mafungu yao, kwa hivyo lolote unalolipa chukua risiti yenye jina lako na uandike kuwa umelipa kama mdhamini. Risiti, risiti, risiti, alilisema neno hili mpaka kijana mmoja pale barazani akawa anamalizia yeye.

Na hili neno dhamana nalo linatuchanganya watu, kwa sababu tunalitumia kwa mambo matatu. Kuna dhamana ya mtu kutoka polisi au mahakamani akiwa na kesi ya jinai, kuna dhamana ya mali unayoiweka kwa mkopo, nyumba, shamba, gari, na kuna udhamini kama huo wetu wa kumbebea mtu deni. Mtu anaitwa "njoo umdhamini fulani" anakwenda mbio hajauliza ni kipi. Ukimdhamini mtu mahakamani ahadi yako ni kuwa atahudhuria, akikimbia ndo utadaiwa ile fedha ya bondi. Hulipi kwa sababu kapatikana na hatia, unalipa kwa sababu hakuja. Na dhamana si kitu cha kununua, si bei ya kumtoa mtu, anaekwambia leta hela mkononi nimtoe huyo anakula. Yapo makosa hayana dhamana kabisa, mauaji na uhaini kwa mfano, hayo hata uje na nani.

Kwa upande wetu mwisho wake walitusaidia kuandika majibu ya ile notisi. Barua fupi tu. Tukaomba mchanganuo wa deni, mkopo wenyewe ngapi, zimelipwa ngapi, hiyo riba na faini imetoka kifungu gani cha mkataba. Juu ya barua wakaweka maneno "bila ya kuathiri haki", nikauliza haya ya nini, nikaambiwa ni ili tukizungumza suluhu na tukasema tutalipa kiasi fulani, yale mazungumzo yasije kugeuzwa kesho kuwa tumekiri deni lote. Mchanganuo ulipokuja ulikuwa mdogo kuliko ile notisi ya mwanzo. Sasa tunalipa kidogo kidogo, mkopaji mwenyewe kwanza na sisi tunajazia, kwa maandishi.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni kukaa ile baraza. Watu wengi, zamu ndefu, na wewe unasikia. (Hili lina ubaya wake, ntalirudia.) Alikuja mzee na samansi, ile karatasi ya kuitwa mahakamani, amepanda gari na mashahidi wake wote, kawalipia nauli, kumbe tarehe iloandikwa ni ya kutajwa. Kesi kutajwa na kesi kusikilizwa ni vitu viwili. Ya kutajwa mahakama inaangalia imefikia wapi, pande zote zipo, karatasi zimekamilika, mara nyingi inapangiwa siku nyengine. Ya kusikilizwa ndo mashahidi wanatoa ushahidi. Mara ngapi tunawasikia watu wanalalamika "nimekwenda na mashahidi wangu mahakama ikanirudisha, hii ni rushwa tu", na huku karatasi ilishasema kutajwa. Si kila kuahirishwa ni rushwa. Yule mzee hakulaumiwa na mtu, akaoneshwa neno lenyewe kwenye karatasi yake kwa kidole, akalisoma mara mbili.

Na samansi jamani isiogopwe. Watu wetu wana tabia ya kumkimbia mpeleka samansi, eti nisipoipokea kesi haipo. Ipo. Ukiitwa kwa njia halali na usitokee, mahakama inaweza ikasikiliza upande mmoja tu, ikatoa hukumu ya upande mmoja, na wewe unakuja kuisikia siku wanapokuja kupima kiwanja chako. Unaweza kuomba hukumu hiyo iondolewe, ila lazima uwe na sababu ya mana ya kutokuja kwako, na sababu kuwa ulijificha ndani haitoshi. Aidha siku za kukata rufaa zinahesabiwa, sheria imezipanga, na hakuna anaekusubiri mpaka hasira zikutoke. Wanachosema wao ni kuwa siku ile ile ya hukumu omba nakala ya hukumu kwa maandishi, usiondoke pale na maneno ya mdomo. Nami naona huu ni ushauri wa thamani kuliko mengi ninayoyasikia.

Jambo la jinai ntalisema kwa urefu kidogo kwa sababu linaniuma. Sie tuna muhali, tunaoneana haya kusema hapana. Mtoto akidhalilishwa, alofanya ni jirani, au mjomba, au mtoto wa sheha (kiongozi wa mtaa), wazee wanakaa kikao, fedha zinatoka, wanasema tushaifuta kesi. Pale kituoni kuna bibi alikuja kuuliza hasa hilo, ndugu wanamwambia akafute. Akajibiwa kwa upole sana lakini kwa uwazi: hiyo kesi si yako kuifuta. Wewe na mtoto wako ni walalamikaji na mashahidi, anaeshitaki ni serikali kupitia Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, yeye ndo mwenye mamlaka ya kuiondoa, sio baba wala babu. Nyie mkikataa kutoa ushahidi kesi inaweza kuanguka, hilo ni kweli na ndo wanalolitegemea wale wanaokutia muhali. Lakini kuanguka kwa kukosa ushahidi sio kusamehewa. Na akaelezwa tena kuhusu ushahidi, kuwa jinai inatakiwa ithibitishwe bila ya kuacha shaka ya msingi, ni kiwango cha juu kuliko cha madai ambapo anaangaliwa nani maneno yake yana uzito zaidi, kwa hivyo nguo asizifue, mtoto apelekwe hospitali mapema, na alosikia kwa mtu asiende kusema kama ameona. Mahakama maalum za udhalilishaji tunazo siku hizi, lakini mahakama bila ya shahidi itafanya nini.

Kuna tofauti nyengine hapo ambayo mtaani tunagombana nayo. Mtuhumiwa ni mtu anaedhaniwa, bado hajasomewa shitaka. Mshitakiwa ni alokwisha kusomewa. Na yupo anaeachiwa tu, kesi imeondolewa, anaweza kukamatwa tena na kushitakiwa upya kwa jambo lile lile, na yupo anaeachiwa huru baada ya mahakama kusikiliza na kuona hana hatia. Sasa mtu akionekana karudi mtaani watu wanapiga kelele "kaachiwa huru hakimu kahongwa" hawajui ni kipi katika hivyo viwili, na familia ya mtoto inakata tamaa inaacha kufuatilia, wakati bado kuna kesi.

Mambo ya Kadhi nayo wanayajua vizuri, na hapa Pemba ndo yanayojaza lile baraza. Kwa sie Waislamu ndoa, talaka, matunzo, malezi ya watoto, mirathi, wakfu, yote yako kwa Kadhi, na Sheria ya Mahakama ya Kadhi inayotumika sasa ni ya 2017. Mambo haya yanaishia hapa hapa Zanzibar, hayavuki kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Katiba ya Zanzibar imeyatoa. Mimi nilidhani kila kitu mwisho wake ni kule.

Mwanamke mmoja alikuja amechoka, mume kaondoka miaka hana habari nae, hana matunzo, na ndugu wa mume wanamwambia kama anataka kuachwa ajikomboe, arudishe mahari. Wakamueleza tofauti ya khului na faskhi. Khului mke anajivua mwenyewe, anatoa kitu, mume anamwacha. Faskhi ni kadhi mwenyewe anaivunja ndoa kwa sababu ilothibiti, kama mume kutelekeza na kutotoa matunzo. Kwa hivyo mtu mwenye sababu za faskhi akikimbilia kujikomboa atatoa fedha ambayo pengine halazimiki kuitoa. Hakuna alomwambia hivyo kabla, na aliyokuwa akiambiwa yote yalitoka kwa watu wenye maslahi yao.

Mirathi ndo usiseme. Msimu wa karafuu ukifika ndugu walokuwa wakila sahani moja hawasalimiani, hasa hela zikishatoka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kwa jina la mtu mmoja. Pale ukutani wameweka mfano ambao kwa maoni yangu ndo kitu bora kabisa ndani ya kituo kile. Baba kafariki, kaacha mke mmoja, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja, wazee wake washatangulia. Mikarafuu 24. Kwanza gharama za maziko, kisha madeni yake yalipwe, kisha wasia kama upo, na wasia hauvuki theluthi wala haumwendei mrithi mpaka warithi wenziwe waridhie. Ikibaki 24 ile ile, mke thumuni, sehemu moja kwa nane, yaani mitatu. Zinabaki 21, mtoto wa kiume 14, wa kike saba. Wamechora miti, wamegawa kwa rangi, mtoto wa darasa la nne anaelewa. Marehemu asingekuwa na mtoto, mke angepata robo badala ya thumuni. Wake wakiwa wawili wanagawana ile ile thumuni, haiongezeki. Nimeona mtu mzima anausimamia ule ukuta anahesabu kwa vidole.

Na wanakwenda mbele zaidi, wanauliza hiyo mikarafuu ni yako au ardhi ndo yako? Mana kwetu Zanzibar ardhi ni ya serikali tangu baada ya Mapinduzi, wewe una haki ya matumizi, na sheria ya 1992 ndo iliyopanga haki hiyo, lakini miti na nyumba unamiliki, na miti inaweza ikawa ya mmoja na pahala ilipo akatumia mwengine. Kwa hivyo karatasi ya mauziano inayosema "nimeuza shamba langu" na haikusema miti ipo ndani au haipo, inazaa ugomvi wa miaka. Vile vile kukodisha mikarafuu, andika ni msimu gani, unaanza lini unakwisha lini, na karafuu zitakazobaki juu ya mti ni za nani. Na kukodisha si rehani. Wapo waliochukua fedha kwa mtu wakadhani wamemkodisha msimu mmoja, karatasi inasema rehani mpaka deni lilipwe.

Walio na ndugu zao Oman, Mombasa, Dar, hili liangalieni: hati ya uwakala. Mtu yuko nje anataka kiwanja chake kiuzwe, anatuma sauti kwa whatsapp "nimempa ruhusa kaka auze". Haitoshi. Inatakiwa hati, yenye kusema wakala anaweza kufanya nini na nini hawezi, imesainiwa mbele ya mwenye mamlaka ya kushuhudia. Na ukisaini hati ya kiapo, ile wengine wanaiita afidaviti, jua umekula kiapo kama ulivyo mbele ya hakimu, kusema uongo mule ni kosa. Watu wanaisaini kama wanasaini daftari la wageni, wanalipa, wanapigiwa muhuri, hawajasoma hata mstari.

Haya, ile nyota moja.

Kwanza faragha haipo. Mambo yote nilosimulia nimeyasikia mimi nisohusika, na Wete ni mji wa kujuana. Yule bibi wa mtoto aliongea kwa kunong'ona na bado tulisikia. Kwa kesi za udhalilishaji na za ndoa hii haifai kabisa, wapatiwe hata pazia na kona ya ndani, watu wangapi wanafika mlangoni wakaona nyuso wanazozijua wakarudi? Kwangu hili ndo kubwa kuliko yote.

Pili kijitabu chao cha maneno ya sheria. Wanakitoa bure, nashukuru, lakini maandishi madogo mno kwa mtu mzima, na maneno wameyapanga kwa alifu be te. Mtu wa kawaida hana neno, ana karatasi mkononi. Wangekipanga kwa karatasi: ukipata notisi maneno yake haya, ukipata samansi haya, ukipata hukumu haya, mkataba wa mkopo haya. Tena maelezo mengine ya mule nayo yanahitaji kuelezwa, wameandika "pingamizi la awali: hoja ya kisheria inayotolewa kabla ya shauri kusikilizwa kwa msingi wake", sasa hapo bibi yangu wa Mtambwe kafahamu nini. Bi mkubwa kwa mdomo alisema "ni mwenzako anasema kesi hii imekuja vibaya, tusiingie ndani kwanza", mkaandike hivyo hivyo.

Tatu, mjuzi wa ardhi hayupo kila siku, na hakuna ubao unaoonesha yupo lini. Mtu anatoka Micheweni, nauli, njaa, anaambiwa njoo siku nyengine. Andikeni tu ubaoni.

Kuna na wanaosema kuwa hawa hawana faida kwa sababu hawasimami mahakamani. Mie sikubaliani. Asokujua anachodaiwa hata ukimpa wakili atamwambia nini wakili wake? Wakili mwenyewe ataanza na kumuuliza. Mie naona hatari kubwa ni vishoka wanaozunguka karibu na mahakama, suruali imepigwa pasi na faili kwapani, anakuandikia barua ya maneno makubwa kwa elfu hamsini na wewe hujui ameandika umekiri au umekana. Kituoni wanakusomea ulichoandikiwa, na ukikuta neno hulikubali linafutwa mbele yako.

Mkienda: chukua karatasi zote, hata bahasha, kwa sababu tarehe uliopokea ina kazi yake. Kopi uwe nazo na asili ubaki nazo wewe, wao wenyewe wanakataa kubaki na asili. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kama una mkataba, na ule wa zamani uloufuta pia. Andika matukio kwa tarehe nyumbani kabla hujaja, utapunguza zamu. Wa Chake gari ya 606 inakuleta, na wahini asubuhi mapema, saa nne baraza ishajaa. Ijumaa wanafunga mapema kwa sala. Na mwenye jambo la siri, mpaka hapo watakapoweka pazia, mwambie tu yule kijana wa mlangoni kuwa unataka kuzungumza na bi mkubwa peke yenu, watakutafutia wakati wa mchana watu wakipungua, nimewauliza na wamekubali.